Nyoka Mabegani mwa Mfalme

 Mazungumzo haya yalitolewa kwanza kwa sauti, redioni. Tumeyatia katika karatasi kwa sababu wengi waliyasikia nusu tu, betri zikaisha au umeme ukakatika, na kwa sababu neno lililoandikwa laweza kusomwa na jirani mmoja kwa faida ya jirani mwingine asiyejua kusoma.

Leo habari yetu ni mazimwi. Usicheke. Hatutaki kuwatisha watoto usiku. Tutakwenda mbali, mpaka nchi ya Uajemi, ambayo leo inaitwa Iran, kisha tutarudi hapa kwetu chini ya Nyiragongo. Njiani tutabeba swali moja: zimwi hutoka wapi, na ni nani anayelilisha?

HADITHI ZILIKUJA KWA NJIA GANI

Huenda ukauliza: sisi watu wa Kivu tuna undugu gani na Waajemi? Jibu limo kinywani mwetu. Tukisema bandari, tukisema pamba, tukisema serikali, tunatumia maneno yenye asili ya Kiajemi. Kwa karne nyingi majahazi yalisafiri kwa pepo za msimu kati ya Ghuba ya Uajemi na pwani ya Afrika ya Mashariki. Habari za kale za Kilwa zinamtaja Ali bin Hassan, aliyetoka Shiraz. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, upo msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107. Na watu wa Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa kila mwezi wa Julai, sherehe yenye asili yake katika Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi.

Bidhaa hazikusafiri peke yake. Zilifuatana na hadithi: majini, maafriti, ndege Rukhi mwenye nguvu za kubeba tembo. Waliosoma Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili wanawafahamu. Halafu katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikafika Nyangwe na Kasongo, katika Maniema. Misafara ile ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba watu katika minyororo; hilo tusilifiche. Lakini kwa njia hiyo hiyo kilikuja Kiswahili tunachosema leo, ukaja Uislamu, yakaja maneno kama jini na ibilisi. Basi mambo nitakayokueleza si mageni kama unavyodhani.

JOKA LILILOGEUKA MTU

Kabla ya Uislamu, Waajemi walifuata dini ya Zarathustra. Kitabu kitakatifu cha dini hiyo kinaitwa Avesta, na ndani yake limo joka liitwalo Azhi Dahaka. Lina vinywa vitatu, vichwa vitatu na macho sita. Ni kiumbe cha kutisha ambacho ukikiona unakitambua mara moja na kukimbia.

Miaka ikapita. Katika karne ya 7 Uislamu ukaingia Uajemi, lakini hadithi za kale hazikufa. Wanahistoria Waislamu walizipokea na kuziandika pamoja na habari za manabii na wafalme. Mmoja wao ni al-Tabari, aliyefariki mwaka 923. Na mwaka 1010 mshairi Ferdowsi wa Tus akamaliza utenzi mkubwa uitwao Shahnameh, maana yake Kitabu cha Wafalme, wenye beti karibu 50,000. Humo joka halina tena vichwa vitatu. Limekuwa mtu. Jina lake ni Zahhak, mfalme mwenye nyoka wawili weusi juu ya mabega yake.

Ndugu msomaji, tafakari badiliko hilo. Watu wa kale waliogopa joka la porini. Wajukuu zao, baada ya kuona vita na wafalme wengi, walimtazama binadamu na kusema kwamba joka liko hapa.

Zahhak alizaliwa mtoto kama watoto wengine. Baba yake, Mardas, alikuwa mtawala mcha Mungu mwenye mifugo mingi, na kila mwenye shida alipewa maziwa. Ibilisi akamjia yule kijana kwa sura ya rafiki, mshauri wa mambo mema. Akamwonyesha kwamba baba amezeeka na kiti kinamfaa yeye. Shimo likachimbwa katika njia aliyopita mzee alfajiri akienda kusali, naye akatumbukia akafa. Mara ya pili Ibilisi alikuja kwa sura ya mpishi, akamzoeza mfalme mpya vyakula vitamu na nyama, siku hadi siku, mpaka mfalme akasema aombe zawadi aitakayo. Mpishi akaomba kumbusu mabega tu. Alipombusu akatoweka, na mahali pa busu pakaota nyoka wawili. Walipokatwa, wakaota tena. Ndipo Ibilisi akarudi mara ya tatu kwa sura ya daktari. Dawa aliyoiandika ni hii: nyoka walishwe ubongo wa binadamu, kila siku.

Rafiki, mpishi, daktari. Hata mara moja hakuja na pembe kichwani. Hivyo ndivyo vita vinavyoingia katika kijiji. Kwanza anakuja mshauri, anakueleza kwamba watu wako wamedharauliwa na shamba lako litachukuliwa. Halafu anakuja mtu wa kukulisha: fedha kidogo, bia kidogo, ahadi ya cheo. Mwisho anakuja daktari, anasema ugonjwa huu hauna dawa nyingine ila damu. Na chakula cha nyoka ni kile kile. Kijana wa miaka 14 anayepewa bunduki badala ya daftari, kichwa chake ndicho kinacholiwa kwanza, kabla risasi haijamfikia.

Tuwe waangalifu na jambo moja. Ferdowsi alikuwa Mwajemi, na katika utenzi wake Zahhak ni Mwarabu, mtu wa kutoka nje. Kila taifa hupenda kusema kwamba zimwi lilitoka kwa jirani. Lakini utenzi huo huo unasema wazi kwamba wakuu wa Uajemi wenyewe, walipochoshwa na majivuno ya mfalme wao Jamshid, ndio waliofunga safari kwenda kumchukua Zahhak na kumtia taji. Na miaka elfu aliyotawala, walinzi wake walitoka wapi? Waliokamata vijana milangoni walikuwa nani? Wanyeji wa nchi. Mtu mwenye nyoka mabegani hawezi kutawala hata juma moja bila mikono ya wengine.

WAPISHI WAWILI NA MHUNZI MMOJA

Sasa nifikie sehemu ninayoipenda zaidi. Walikuwapo watu wawili wema, Armayel na Garmayel. Waliona kwamba kila siku vijana wawili wanachinjwa. Hawakuwa na jeshi, hawakuwa na silaha. Wakajifunza upishi, wakaomba kazi katika jiko la mfalme, wakapewa. Kila siku walipoletewa vijana wawili, walimwacha mmoja aende zake usiku, wakachukua ubongo wa kondoo, wakauchanganya na ule mwingine. Nyoka wakala wasitambue. Mmoja kila siku, watu thelathini kila mwezi. Walionusurika walipewa mbuzi na kondoo, wakaenda kuishi mbali milimani. Ferdowsi anasema Wakurdi wametokana na hao.

Huenda ukasema: lakini yule mwingine alikufa. Ndiyo, alikufa, na wapishi wale walimwona akifa. Hadithi haifichi uchungu huo. Inatuambia tu kwamba asiyeweza kuwaokoa wawili asiache kumwokoa mmoja. Hapa Goma na kandokando yake wapishi wa namna hiyo wamekuwapo katika kila vita, tangu ile iliyoanza Walikale na Masisi mwaka 1993 mpaka risasi za Januari 2025. Mama aliyemficha mtoto wa kabila jingine chini ya kitanda na kusema ni wa dada yake. Msukuma chukudu aliyempitisha mtu kizuizini chini ya magunia ya makaa. Majina yao hayamo katika vitabu, na pengine ni vizuri hivyo, kwa usalama wao.

Halafu kuna Kaveh, mhunzi. Zahhak, akiogopa siku ya hukumu, aliandikisha barua ya ushahidi kwamba yeye ni mfalme wa haki asiyetenda ila mema. Wakuu wote wakatia sahihi kwa hofu. Wakati huo huo Kaveh akaingia akilia. Watoto wake wameliwa na nyoka, na wa mwisho aliyebaki amekamatwa. Mfalme, ili aonekane mwema mbele ya watu, akamrudishia mtoto wake, kisha akamwambia naye atie sahihi. Kaveh akaisoma barua, akawageukia wazee, akawalaumu kwa kuuza mioyo yao, akaipasua barua akaikanyaga. Akatoka nje, akaifunga ngozi yake ya kazi ya uhunzi kwenye ncha ya mkuki, na hiyo ikawa bendera ya watu.

Ona kilichotangulia. Kabla ya mkuki ilipasuliwa karatasi ya uongo. Amani yoyote inayojengwa juu ya ushahidi wa uongo ni barua ile ya Zahhak.

HAKUUAWA, WALA HAKUPEWA CHEO

Watu walimfuata kijana Feridun. Baba yake mwenyewe alikuwa ameuawa kwa ajili ya nyoka wale, kwa hiyo kama yupo mtu mwenye sababu ya kulipa kisasi, ni yeye. Alimshinda Zahhak kwa rungu lenye kichwa cha ng'ombe. Alipotaka kummaliza, malaika akamzuia: usimuue, mfunge mlimani. Vitabu vya kale zaidi, vya lugha ya Kipahlavi, vinatoa sababu. Mwili wa joka lile ukipasuliwa, dunia yote itajaa nyoka, nge na wadudu wa sumu. Basi Feridun akamfunga kwa minyororo ndani ya mlima Damavand.

Hapa kila mmoja wetu asome polepole. Kisasi hupasua mwili wa joka, na kila tone huwa joka jipya. Sisi wa Kivu hatuhitaji kufundishwa hilo na Waajemi. Lakini Feridun hakumwachilia Zahhak vilevile. Hakumpa nyumba nzuri mjini, hakumpa cheo kipya ili anyamaze. Alimfunga. Kati ya kisasi na kusahau kuna njia ya tatu, nayo inaitwa haki. Ni njia ndefu, ina mashahidi, ina mahakama, ina gereza. Katika nchi yetu tumeonja mara nyingi zile njia mbili za kando, na matunda yake tunayajua.

TUNAOWAITA MAZIMWI

Mpaka hapa tumemwona mtu aliyegeuka zimwi. Sasa tumtazame mtu aliyeitwa zimwi bila kosa. Katika Shahnameh shujaa Sam alipata mtoto mwenye nywele nyeupe kama za mzee. Akaona aibu. Akaogopa watu watasema ni mtoto wa mapepo. Akaamuru atupwe milimani. Ndege mkubwa Simurgh alimwona, akataka kumpeleka kwa makinda yake awe chakula, lakini huruma ikamwingia, akamlea pamoja nao. Mtoto huyo ni Zal, na mwanawe Rostam ndiye shujaa mkubwa kuliko wote katika utenzi. Yule baba, mtu wa heshima, alimtupa mtoto. Yule ndege, mnyama mwenye makucha, alimlea. Ferdowsi mwenyewe anawaambia wasomaji wake kwamba pepo wabaya wa hadithi zake wafahamike kuwa ni watu waovu. Kumbe pepo hatambuliwi kwa rangi wala nywele. Anatambuliwa kwa matendo.

Kurani nayo, katika sura ya 72, inaeleza kwamba kundi la majini lilisikia maneno ya Mungu likaamini, na kwamba miongoni mwa majini wamo walio wema na wamo wasio hivyo. Ikiwa hata majini, walioumbwa kwa moto, hawahukumiwi wote kwa pamoja, je, binadamu wa kabila moja, wenye mama na baba kama wewe, wahukumiwe wote kwa kosa la wachache?

Tukisahau hilo, watu hufa. Mwaka 1995 kisiwani Pemba, kisha Unguja, ilienea hofu ya kiumbe kiitwacho Popobawa, kinachosemwa kuvamia watu usiku. Watu walilala nje, makundi makundi, kando ya moto. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, na mioyo ilikuwa juu. Katika hofu hiyo kundi la watu lilimuua mtu mgonjwa wa akili likidhani kwamba ndiye Popobawa. Waliwinda zimwi, wakamuua mgonjwa.

Na mwaka uliotangulia, 1994, karibu kabisa nasi, redio ya RTLM ya Kigali ilikuwa imewaita binadamu mende na nyoka. Mende huonewa huruma na nani? Nyoka akiingia nyumbani, nani humwuliza jina? Neno lilitangulia, panga likafuata. Julai mwaka huo mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Goma, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu juu ya mawe yetu meusi. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu wakuu wa redio ile. Tunalisema hili kwa sababu nasi tunazungumza redioni. Chombo ni kile kile. Kinaweza kumlisha nyoka, kinaweza kumnyima chakula.

KUPANDA MLIMA NA KUTAZAMA

Damavand, mlima alikofungwa Zahhak, ni volkano. Una urefu wa mita zaidi ya 5,600, na hutoa moshi wa salfa. Watu wa kale walisema moshi ule ni pumzi ya mfungwa. Wengine, wakifuata mapokeo ya Kiislamu, walisema aliyefungwa mle ni jini mwasi aliyetiwa humo na Nabii Suleiman.

Sisi tuna Nyiragongo, na wazee wa pande hizi walisema mambo yanayofanana. Katika mapokeo ya Ryangombe, roho za waliopokelewa katika siri zake huenda Karisimbi kwenye baridi na raha, na wengine huenda Nyiragongo kwenye moto. Watu wa nchi mbili zisizojuana, kila mmoja na mlima wake wa moto, waliona jambo moja: uovu upo, una joto, na uko karibu na nyumba.

Lakini katika karne ya 10 msafiri mmoja, Abu Dulaf, alisikia habari za mfungwa wa Damavand, na hakutosheka na kusikia. Aliupanda mlima kwa taabu kubwa. Akakuta chemchemi ya salfa. Hakukuta mfungwa, hakukuta jini. Akateremka, akaandika alichokiona.

Ndugu msomaji, mtu huyu anatufaa sana Goma. Nyiragongo ilipolipuka Januari 1977, ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani Januari 2002, na ilipofika Buhene Mei 2021, moto haukuuliza mtu kabila lake. Waliokimbilia Sake na waliokimbilia Gisenyi walilala chini ya mvua moja. Ila mlima, ukiutazama, unaweza kupimwa, na wataalamu wetu wanaupima. Habari za mtu nazo hupimwa. Ukisikia usiku kwamba watu wa mtaa fulani wanaficha silaha, au kwamba mgeni fulani ameleta sumu, fanya kama Abu Dulaf: uliza nani aliona, nenda mchana, mwone mtu huyo uso kwa uso, zungumza naye. Mara nyingi utakuta salfa tu. Na ukikuta uovu wa kweli, utajua ni wa nani, kwa jina lake moja, wala hutaudai kwa ukoo mzima.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Tunakuomba usome karatasi hii pamoja na watu wa nyumba yako au kikundi chako, kisha mjibu maswali haya kwa uwazi.

Kwanza: katika mtaa wetu, mshauri, mpishi na daktari wa Ibilisi huja kwa sura gani siku hizi? Vijana wetu wanaambiwa nini, na nani anawapa chakula?

Pili: ni neno gani la mnyama au mdudu tunalotumia kwa watu wa kabila jingine? Watoto wetu walilisikia kwa nani? Tunaweza kuliacha tangu lini?

Tatu: wapishi wale waliokoa mmoja kila siku kwa kazi waliyokuwa nayo mkononi. Wewe una kazi gani: sokoni, shuleni, barabarani, kanisani, msikitini, ofisini? Kwa kazi hiyo, ni nani mmoja unayeweza kumwondoa katika sahani ya nyoka juma hili?

Majibu yenu yaandikeni, au mtume mtu ayalete. Katika kipindi kijacho tutayasoma bila kutaja majina. Mpaka hapo, mlale salama, na mlango wa jirani yako uwe salama kama wako.